Shati Kavu la Saa Mbili

Kukunja shati si kazi ya mtu mwenye haraka. Asiyejua hulikunja kama anayefunga mzigo wa kuni, halafu hushangaa likitoka na makunyanzi kama uso wa ajuza. Karani wa Dirisha la Kwanza, ambaye ofisi nzima ilimwita Mzee Pasi, alikuwa na namna yake. Alifunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akalilaza shati kifudifudi mezani, akairudisha mikono yake mgongoni kama ya mtu aliyekamatwa, kisha akaliviringisha polepole kwenye bomba la karatasi ngumu lililokuwa likibeba ramani zamani. Ndani ya bomba alitia soksi na kopo la sabuni. Bomba likaingia kwenye mfuko wa nailoni, na mfuko ukafungwa juu ya karia ya baiskeli kwa mpira uliokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu. Suruali aliivaa nje ndani, ili vumbi la njiani na mafuta ya mnyororo vichafue upande ambao wenye macho hawauoni.

"Unatoka hivyo tena, baba," mkewe alimwambia asubuhi hiyo, kama asubuhi nyingine zote, akiwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi. "Mifuko inaning'inia nje kama masikio ya mbuzi."

"Mbuzi haendi ofisini."

"Si ungepanda gari kama wenzako."

"Gari linapita wapi? Mpaka nitembee hadi barabara kubwa, nisubiri, nibanwe, nitafika na jasho la watu thelathini. Hili langu angalau ninalijua."

"Jasho ni jasho, baba watoto."

Alikanyaga pedeli. Mwanamke huyo alikuwa na tabia ya kusema kweli asubuhi mapema, wakati mtu hana nafasi ya kubishana nayo.

Kutoka kwake hadi ofisini palikuwa na kilometa kumi na mbili, na katikati kilima kimoja chenye tanuri la matofali, ambacho hakijawahi kumpunguzia mtu mwinuko kwa kuzeeka kwake. Kwa miaka thelathini na moja Mzee Pasi alikipanda akiwa na fulana mwilini na shati mgongoni mwa baiskeli. Kazi yake ilikuwa kuandikisha vizazi na vifo. Mkuu wa kwanza aliyemweka dirishani, marehemu sasa, alimwambia neno moja tu siku ile: "Anayekuja hapa ama amepata ama amepoteza. Wote wawili hawakuja kunusa kwapa lako." Wengine hupewa semina ya wiki mbili na vyeti vya rangi, wakatoka hawakumbuki kitu. Yeye alipewa maneno hayo na hakuyaacha.

Na siku zile yalikuwa na mahali pa kutekelezwa. Nyuma ya ofisi palikuwa na chumba cha bomba: sakafu ya saruji iliyoinamia tundu la maji, benchi moja, ndoo mbili za bati, na misumari ukutani, kila mtu na wake. Watu waliingia wakihema, wakatoka makarani. Paliishi sheria moja isiyoandikwa popote, kwamba anayemaliza kuoga humjazia ndoo anayefuata. Hukuuliza ni nani anayefuata. Ulijaza, ukavaa, ukaenda. Mkuu mwenyewe alikuja kwa baiskeli, akasimama kwenye foleni na taulo begani, akimjazia ndoo tarishi, na tarishi akimjazia yeye. Kisha zikaja pikipiki, yakaja magari ya mkopo, na misumari ikaanza kukosa wenyewe mmoja mmoja. Mwisho alibaki Mzee Pasi peke yake, akijijazia ndoo ya kesho yeye mwenyewe, maana mkono uliozoea hauambiwi.

Mwaka jana chumba kile kilifungwa. Waliziba tundu la sakafu, wakang'oa misumari, wakaingiza kabati la chuma lenye taa ndogo za kupepesapepesa, wakasema huo ndio mtambo unaotunza kumbukumbu. Ili mtambo usipate joto, wakautundikia mashine ya hewa baridi inayonguruma usiku na mchana. Ndipo dunia ilipofika: kabati linapozwa, binadamu anachemka.

Hapohapo wakaleta na mashine ya kidole. Ilibandikwa mlangoni, na kila mfanyakazi alitakiwa kuibonyeza kabla ya saa mbili kamili. Mashine hiyo haikupenda kidole chenye maji, wala kidole chenye mafuta ya mnyororo. Kila ilipokataa ilisema kwa sauti ya mwanamke mpole, "Tafadhali jaribu tena," na hakuna kitu kinachoudhi asubuhi kama upole wa kitu kisicho na roho.

Mwanzoni mwa mwezi Mkuu alimwita ofisini kwake. Alikuwa mwanamke wa umri wa binti yake wa kwanza, nadhifu, mchapakazi, asiye na ubaya wowote isipokuwa kwamba hajawahi kufika kazini kwa miguu yake.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, Mkuu."

"Kaa. Kuna karatasi imeingia kwenye sanduku la maoni." Aliikunjua na kusoma bila kumtazama. "'Huduma ni nzuri, ila mhudumu wa dirisha la kwanza amelowa.'"

Mzee Pasi aliyapima maneno hayo. "Kulowa ni kweli," alisema. "Chumba cha bomba kilifungwa."

"Kile ni chumba cha mtambo, mzee."

"Kabla ya mtambo."

"Kabla ya mtambo kulikuwa na mambo mengi. Mimi nina dirisha la mbele na watu wanaolisogelea." Aliiweka karatasi chini. "Mwisho wa mwezi wanakuja wakaguzi kutoka makao makuu. Nikipata lalamiko jingine, au wakikukuta katika hali hiyo, sitakuwa na la kufanya. Nitakushusha stoo mpaka ustaafu. Umebakisha miaka miwili tu, si mingi."

Stoo ilikuwa chini ya ngazi, yanakowekwa madaftari yaliyojaa. Hakukuwa na dirisha wala mtu. Kwa Mkuu miaka miwili haikuwa mingi. Kwa mtu ambaye kazi yake yote ni kuinua uso na kusema "karibu" au "pole", kukaa siku mbili akiwasemesha panya ni kifungo.

Basi akaanza kuhangaika. Jaribio la kwanza lilikuwa choo cha wafanyakazi. Choo kile kilikuwa kipya, na sinki lake lilikuwa na bomba lisilo na kifungulio. Ulilisogezea mkono likatoa maji, ukautoa likakata. Aliyebuni kitu hicho alikuwa amefikiria watu wenye mikono mitupu, bila viwiliwili. Mzee Pasi alisogeza kiganja, akachota maji, akayapeleka kwapani, bomba likakata. Akarudisha kiganja, likasubiri kidogo, kama linalofikiria. Akatia sabuni kote, akatafuta maji ya kuiondoa, bomba likanyamaza kabisa. Ikambidi alisogezee kwapa lenyewe, akiwa ameinama upande mmoja na mkono hewani kama anayeomba ruhusa ya kusema darasani. Katika hali hiyo mlango ukafunguliwa, akaingia mama wa usafi na fagio lake.

"Mzee, hapa si mtoni," alisema mama huyo, wala hakurudi nyuma. Alikuwa amelea watoto sita na wajukuu. Hakuna mwili uliomshtua.

"Mtoni maji hayaombwi."

"Na hii sakafu ataikausha nani? Mkeo?"

"Nitaikausha mwenyewe."

"Kwa kitu gani? Kwa hilo taulo la kwapa?"

"Kwa hilo hilo."

"Kausha basi nione. Na pale pembeni. Pale tena. Wanaume nyinyi mnaona sakafu ya katikati tu."

Alikausha. Alipofika kwenye mashine ya kidole ilikuwa saa mbili na dakika nne, na kidole chake kilikuwa kimesinyaa kwa maji. Ilimwambia ajaribu tena mara tano.

Jaribio la pili lilikuwa kwenda polepole. Alitoka saa kumi na mbili kasoro robo na kuendesha kama anayesindikiza jeneza. Baiskeli haikuumbwa kwa mwendo huo. Iliyumba, ikatafuta mtaro. Mwanamke mmoja aliyebeba furushi kichwani alimpita kwa miguu, akageuka na kumwuliza kwa huruma, "Baba, imekuharibikia?" Na kilima cha tanuri hakina polepole: ukipanda unatoka jasho, ukiikokota baiskeli unatoka jasho, ukipumzika katikati jua linakukuta.

Jaribio la tatu lilikuwa poda, ushauri wa mkewe. Alijimiminia shingoni na kifuani. Ilipofika saa tatu jasho na poda vilikuwa vimekubaliana na kuwa udongo mweupe, na mtoto aliyekuja na mama yake kuandikisha dada yake mchanga alimwuliza mama huyo kwa nini yule babu amepakwa chokaa. Mama akamfunika mdomo. Nyuma yao foleni ilicheka kwa adabu, ambayo ni mbaya kuliko kucheka tu.

Wazo zuri lilimjia Jumapili, akiwa anapiga pasi. Tabu haikuwa jasho peke yake. Mashati yenyewe, yakisafiri kila siku kwenye karia, yalifika yamenyonya vumbi na joto la njiani. Kama yangekuwa ofisini tayari, yeye angekuwa na kazi moja tu, ya kujisafisha. Angelowesha taulo nyumbani, alitie kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko, ajipanguse nyuma ya kibanda cha jenereta ambako hapiti mtu, avute shati lililonyooka, amalize. Kilichokosekana kilikuwa mahali pa kuyaweka. Wafanyakazi hawakuwa na makabati tena. Siku hizi meza ni ya wote, ndiyo kusema si ya yeyote, na ukiacha kikombe chako jioni asubuhi unakikuta kinanywewa.

Palibaki droo moja tu ambayo haikuguswa na mtu, ile ya chini kabisa kwenye kabati la masjala nyuma ya kiti chake. Humo zilikaa bahasha kubwa za kaki zenye habari za siri, watoto wa kuasiliwa, majina yaliyobadilishwa kwa amri ya mahakama, mambo ya watu. Zilifungwa kwa utepe mwekundu na kungoja mwisho wa mwezi zipelekwe makao makuu. Mzee Pasi ndiye aliyewafundisha makarani wote waliopita pale: "Bahasha yenye utepe mwekundu haifunguliwi, haibonyezwi, haiulizwi." Alilifundisha hilo mpaka likawa kama dini ya mahali pale.

Na shati lililokunjwa vizuri lilienea ndani ya bahasha ya kaki kama lililopimwa na fundi.

Jumatatu alifika na mashati matano, akavaa moja na kutia manne kwenye bahasha nne. Akazifunga utepe mwekundu, kwa sababu bahasha isiyo na utepe katika droo ile ingemshangaza mtu. Kila asubuhi alifungua moja. Kila jioni alirudi na chafu nyumbani.

"Mashati yako wapi?" mkewe aliuliza, akikagua kamba ya nguo.

"Yako kazini."

"Yanafanya kazi gani?"

"Yananisubiri."

"Haya. Nami nisubiri barua ya kuyapandisha cheo."

Wiki mbili zilipita kwa raha. Saa mbili kamili dirisha lilifunguka, na nyuma yake alikuwapo mtu mkavu, kola imesimama, anayenukia sabuni kidogo na pasi kidogo. Sanduku la maoni lilikaa kimya. Mkuu alipita nyuma yake siku moja, akasimama, akavuta pumzi, akasema, "Unaona, mzee? Ni kuamua tu." Watu wanaokufungia maji hupenda sana kukusifu ukiyapata pengine.

Wiki ya tatu, Jumatatu, aliweka mashati yake manne droo ya chini kama kawaida. Wakaguzi walikuwa wanatarajiwa kesho yake. Alasiri Mkuu alimtuma kwa mfunga vitabu mtaa wa pili, apeleke daftari lililochanika mgongo, na kwa kuwa mfunga vitabu alikuwa mtu wa maneno mengi, Mzee Pasi hakurudi ofisini tena. Alikwenda nyumbani moja kwa moja.

Jumanne alifika mapema, akajipangusa nyuma ya jenereta, akaigeuza suruali upande wake wa haki, mashine ikamkubalia kidole mara ya kwanza. Alikuwa na fulana tu kifuani, kuukuu, iliyogawiwa bure siku moja ya chanjo, yenye picha ya mbu mkubwa iliyofifia. Akapiga goti, akavuta droo ya chini. Ilikuwa tupu. Hata vumbi lilikuwa limepanguswa.

Dada wa Dirisha la Pili alikuwa anapanga kalamu zake. Huyo alikuwa mwanamke mtulivu wa miaka thelathini na kitu, mwanafunzi wake bora kuliko wote aliowahi kuwafundisha.

"Binti, bahasha ziko wapi?"

"Zimekwenda, baba. Jana Mkuu alisema droo iwe wazi kabla wageni hawajafika. Tarishi alizipeleka jioni."

"Ngapi?"

"Kumi na moja."

"Zilikuwa saba."

"Nilihesabu mara mbili. Kumi na moja, zote na utepe. Nimeandika kwenye daftari, tarishi ametia saini." Alikuwa na fahari kidogo usoni.

"Hukuona kwamba nne zilikuwa laini?"

"Ningejuaje? Si ulisema hazibonyezwi?"

Mzee Pasi alikaa chini, palepale kwenye sakafu. Hakuwa na wa kumlaumu, na hakuna hasira inayochosha kama ile isiyo na mlango wa kutokea.

"Kulikuwa na nini, baba?"

"Mashati."

Dada alimtazama, akamtazama yule mbu, akajifunika uso kwa daftari la vizazi. Mabega yalimtikisika muda mrefu. Alipolishusha daftari macho yalikuwa na maji. "Samahani, baba. Si ya kuchekesha."

"Wewe cheka. Mmoja wetu lazima acheke."

Ilibaki dakika sita kufika saa mbili. Tarishi alikuwa na koti, lakini tarishi alikuwa mtu wa kimo cha jagi. Mkono wa Mzee Pasi ulikwama kwenye kiwiko. Mwishowe Dada alivua sweta yake. Ilikuwa ya sufu, ya rangi ya ua la waridi, yenye vifungo vya kung'aa. Mzee Pasi aliivaa, akaifunga mpaka shingoni kumficha mbu, akafungua dirisha.

Jua la asubuhi liligonga kioo moja kwa moja. Sufu ni kitu cha majira ya baridi. Kabla ya kusema neno alihisi jasho likianza katikati ya mgongo na kushuka.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mwanamume wa makamo, macho mekundu, karatasi ya hospitali mkononi.

"Nimefiwa na mama," alisema.

"Pole sana, bwana. Karibu. Jina la marehemu?"

Yule mtu alilitaja polepole, majina matatu, na Mzee Pasi aliyaandika kwa mwandiko wake ule wa mviringo ambao watu walikuwa wakiuomba kwa kadi za harusi. Alikuwa anaumalizia mkia wa herufi ya mwisho tone lilipotoka kwenye paji la uso, likapita puani, likaanguka juu ya jina la katikati. Wino ukavimba. Akalipangusa kwa haraka, kosa ambalo hata karani wa siku moja hafanyi, na jina zima likageuka wingu la buluu. Tone jingine likafuata.

Miaka thelathini na moja hakuwahi kumchafulia mtu maiti wake.

Yule mwanamume aliinamisha kichwa kumtazama kupitia kioo. "Unalia, mzee?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ulimjua mama?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Kwa kona ya jicho alikwisha waona, mwisho wa ofisi, Mkuu na watu wawili wenye mikoba.

"Hapana, bwana," alisema. "Sikumjua. Ni jasho langu. Nisamehe, nimeliharibu jina lake. Nitaliandika upya ukurasa mwingine, na hapa nitatia saini kwamba kosa ni langu."

 Yule mtu akatoa kitambaa mfukoni, akakipitisha chini ya kioo. "Jifute," alisema. "Andika taratibu. Sina pa kwenda." Mzee Pasi alijifuta, akaandika upya, akagonga muhuri. Kazi hiyo ilichukua robo saa, na hakuna aliyemharakisha.

Mkuu alingoja mpaka mfiwa akaondoka. Mmoja wa wakaguzi, mzee mwenye miwani, aliweka juu ya meza bahasha nne za kaki zilizofunguliwa.

"Hizi zimetufikia jana jioni," alisema, kama mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa. "Zimekuja kama nyaraka za siri. Karani wetu amefungua ya kwanza, na kwa kuwa kanuni inasema kila kilichomo kigongwe muhuri, aligonga." Akainua shati la kwanza. Kwenye kola palikuwa na neno IMEPOKELEWA, na tarehe, kwa wino wa zambarau. "Ni ya nani?"

"Yangu," Mzee Pasi alisema.

"Yamepigwa pasi vizuri sana."

"Asante."

"Kwa nini yamo kwenye masjala?"

Mzee Pasi alimtazama Mkuu. Alitaka kueleza juu ya tundu lililozibwa, misumari iliyong'olewa, bomba linalofikiria kabla ya kutoa maji, kilima. Aliona ni maneno mengi mno ya kusema mtu akiwa amevaa sweta ya waridi. "Sikuwa na mahali pengine," alisema.

 Mkaguzi akaandika kitu. Mkuu hakugomba wala hakuinua sauti. Alisema tu, mchana, baada ya wageni kuondoka, kwamba angependa sana mambo yangekuwa vingine. Barua ilikuwa imekwisha chapwa. Kuanzia kesho, stoo.

Nyumbani mkewe aliipokea habari akiwa anasugua ile kola kwa ndimu. Wino ulipauka, haukutoka. "Wamekutoa dirishani kwa sababu ya jasho?"

"Na kwa sababu ya mashati."

"Basi wangekupa kosa moja." Alisugua tena, kwa nguvu kuliko kola ilivyohitaji. "Ukivaa tai neno halionekani."

Jumatano alishuka ngazi. Stoo ilikuwa ndefu kuliko alivyoikumbuka, rafu hadi darini, taa mbili, hewa ya karatasi kuukuu. Mwisho wa rafu, nyuma ya madaftari ya miaka ambayo wenye kuandikwa humo wamekwisha kuandikwa mara ya pili, upande wa vifo, na kufungwa, palikuwa na bomba. Lilikuwa bomba la kweli, la shaba, la kuzungusha kwa mkono, lililowekwa kwa ajili ya kuzimia moto. Chini yake palikuwa na sakafu iliyoinama na tundu la maji. Alilizungusha. Maji yalitoka mengi, ya baridi, na hayakukatika mpaka alipoyakata.

Alisimama akiyatazama kwa muda. Kisha alivua fulana, akaoga kama mtu, akajikausha, akavaa shati jeupe, akafunga vifungo vyote. Hapakuwa na mashine ya kidole kule. Saa mbili kasoro dakika kumi alikuwa mkavu, amenyooka, amekaa kwenye kiti, mikono juu ya meza, akitazama ngazi.

Hakuna aliyeshuka. Kupitia tundu la hewa lililokuwa darini aliisikia ofisi ya juu, viti, nyayo, muhuri. Mtu alisema kitu kwa sauti ya chini, na Dada akajibu, "Pole sana. Karibu. Jina la marehemu?" Alikuwa ameweka kituo kila mahali alipofundishwa kukiweka.

Saa tatu alianza kuhamisha madaftari. Saa tatu na nusu pindo za mikono ya shati zilikuwa nyeusi kwa vumbi. Saa nne mama wa usafi aliteremka kutafuta ndoo.

"Leo umeng'aa, mzee," alisema. "Unamngoja nani?"

"Hakuna."

"Sasa shati jeupe kwenye vumbi hili la nini? Si kumtesa mkeo tu?" Akaokota ndoo yake, akapanda ngazi, akihesabu vidato kwa sababu ya magoti.

Mzee Pasi alifungua vifungo, akalivua shati, akalitundika kwenye pembe ya rafu. Alifanya kazi na fulana mpaka jioni, akilowa na kukauka na kulowa tena, bila wa kumwandikia lalamiko. Muda wa kutoka ulipofika hakuliviringisha kwenye bomba la karatasi. Alilivaa. Akafunga mpaka kifungo cha shingoni, akapanda baiskeli mbele ya ofisi, saa ambayo watu wote wanatoka, akaenda. Kilimani hakushuka kuikokota. Alisimama juu ya pedeli na kukanyaga kwa nguvu zote, jua usoni, magari yakimpita na kumtupia vumbi, mpaka shati likamganda mgongoni na pindo za mikono zikawa nzito.

Mkewe alikuwa uani. Alimwona akiingia, akaacha alichokuwa akifanya.

"Baba, umepandia baiskeli shati la pasi."

"Ndiyo."

"Limelowa lote."

"Najua."

"Na mnyororo umekushika hapa chini. Kesho utavaa nini ofisini?"

"Fulana."

Mkewe alimtazama toka juu mpaka chini, akitafuta la kumtania, asilipate. Akanyoosha mkono. Mzee Pasi alilivua lile shati, akampa, akaingia ndani kutafuta maji ya kunywa.